Saa ya Mchezo Ianzie Wapi?

Hotuba kwa watengenezaji chipukizi wa michezo ya video, Nairobi

Mwenyekiti, walimu mlioketi mbele, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango kana kwamba nitawaitisha ada, hamjambo? Hamjambo tena? Vyema.

Nimeombwa nizungumzie gemu fupi, zile za dakika tano au kumi, ambazo mchezaji anawekwa katika muda mchache uliosalia kabla ya janga. Meli inakaribia kuzama, bomu linakaribia kulipuka, jengo linakaribia kuporomoka, na yeye anajua. Naelewa kwa nini mada hii inawavutia. Mwenye laptopu moja ya mtumba na wikendi chache hawezi kujenga mji mzima wa kuzurura, ila chumba kimoja chenye saa ya ukutani anaweza. Tena janga linakupa bure kitu ambacho waandishi wengine hukitafuta kwa jasho, yaani mwisho. Huhitaji kumweleza mtu kwa nini afanye haraka.

Kwa hiyo sikuja kuwakataza. Nimekuja na neno moja: ukishaamua saa ya mchezo wako ianzie wapi kuhesabu, umeshaamua nani mwenye makosa. Wengi mnaliona hilo kuwa suala la ufundi, dakika tano au kumi, faili isiwe nzito mno kwa simu. Mimi naliita hukumu, na hakimu ni wewe unayeprogramu usiku wa manane.

Tuanze mbali kidogo, kisha turudi nyumbani.

Mwaka 1980 kampuni ya Atari ilitoa Missile Command. Unalinda miji sita, makombora yanashuka kutoka juu ya skrini, na yanazidi kasi kila raundi. Ilikuwa enzi ya Vita Baridi, Marekani na Muungano wa Sovieti wameelekezeana silaha za nyuklia, na aliyeitengeneza, Dave Theurer, amesimulia jinsi milipuko ile ilivyomfuata hadi usingizini. Gemu hiyo haina ushindi. Miji yote huisha, na skrini hukutangazia kwamba huo ndio mwisho. Unachoweza kuchagua ni mji upi uutetee muda mrefu zaidi, basi.

Mwaka 2000 Nintendo walitoa The Legend of Zelda: Majora's Mask. Mwezi wenye uso wa hasira unauangukia mji na siku tatu zimebaki, ambazo kwa saa zetu ni kama dakika 54. Mwaka 2019 ikaja Outer Wilds, ambamo jua linalipuka kila baada ya dakika 22. Zote mbili hukurudisha mwanzo. Unaamka tena asubuhi ile ile, watu wanasema maneno yale yale, na ni wewe peke yako unayejua kitakachotokea. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Gemu hizi zinampa mchezaji kitu ambacho majuto hayajawahi kumpa binadamu yeyote: asubuhi ile ile mara ya pili. Ni kazi nzuri mno, Outer Wilds ningeisifu hapa mpaka mnizimie maikrofoni. Lakini hakuna familia duniani iliyompoteza mtu kwa mwezi ule wala kwa jua lile. Ndiyo maana mtengenezaji ana uhuru wa kulipua, kurudisha, kulipua tena. Uhuru huo ninyi hamtakuwa nao mkichagua janga lenye makaburi.

Kuna nyingine ndogo zaidi, yenye maandishi matupu, ya Anna Anthropy, ya mwaka 2013. Inaitwa Queers in Love at the End of the World. Dunia inaisha baada ya sekunde 10, na uko na umpendaye. Unabofya maneno: umshike mkono, umbusu, umwambie kitu. Kila neno linafungua mengine. Sekunde zikiisha kila kitu kinafutika, hata kama ulikuwa katikati ya sentensi. Unaweza kuanza upya, na utaanza, kwa sababu kuna njia nyingi ambazo hukuzifikia, lakini huwezi kumwokoa mtu. Hakuna waya wa kukata wala mlango wa siri. Mara ya tatu au ya nne mchezaji anaacha kutafuta suluhisho na kuanza kuuliza angependa afe akifanya nini. Sijui gemu nyingine iliyomfikisha mtu kwenye swali hilo kwa muda mfupi hivyo, tena bila picha hata moja. Ninyi mnaolalamika kwamba hamna mchoraji, mmesikia.

Hata hivyo ina mpaka wake. Haikuulizi dunia inaishia kwa nini. Kwa hadithi ya mapenzi ni sawa. Kwa hadithi ya Nairobi haitoshi, na nitafika huko.

Kabla sijafika, niitaje moja iliyoleta ugomvi. Mwaka 2015 wanafunzi huko Ufaransa walitoa gemu fupi ya kuvaa miwani ya uhalisia pepe, wakaiita 08:46. Hiyo ni saa mbili na dakika arubaini na sita asubuhi, wakati ndege ya kwanza ilipougonga mnara wa kaskazini wa World Trade Center huko New York, tarehe 11 Septemba 2001. Mchezaji ni mfanyakazi wa ofisi ndani ya mnara huo. Ilishutumiwa vikali, na wengi walishikilia kwamba msiba hauchezewi. Hoja hiyo siikubali. Watu wetu wametunga tenzi za vita na nyimbo za misiba karne nyingi, na hakuna aliyewaambia wamewachezea marehemu. Shaka yangu iko kwenye ile miwani. Ukimzungushia mtu moto na moshi pande zote, mwili wake unashika hofu, na mwili ukishaogopa hakumbuki tena jirani yake wa meza alikuwa anamwambia nini kuhusu mwanawe. Hofu imemeza watu. Anavua miwani anasema, "Aisee, kali!" Ukisikia neno hilo kutoka kwa anayeijaribu gemu yako ya msiba, rudi mezani.

Sasa tushuke Moi Avenue.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi. Ubalozi wa Marekani ulikuwa pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue, hatua chache kutoka stesheni ya reli. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Washambuliaji walifika na lori upande wa nyuma, mlinzi akakataa kuwafungulia kizuizi, wakarusha guruneti na kufyatua risasi. Kishindo hicho cha kwanza kikasikika katika majengo ya jirani. Watu wakaacha kazi wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Kisha bomu lenyewe likalipuka. Jengo la Ufundi, lililokuwa limepakana na ubalozi na ambalo ndani yake kulikuwa na chuo cha makarani, liliporomoka. Watu 213 walikufa hapa Nairobi, 12 kati yao Wamarekani, waliobaki karibu wote Wakenya waliokuwa kazini, darasani, au wanapita tu njiani. Waliojeruhiwa walikuwa maelfu. Asubuhi hiyo hiyo Dar es Salaam ilipoteza watu 11. Na kwa sababu ya vioo, watu wengi hapa jijini walipoteza macho.

Naomba sasa mlifikirie hili kwa jicho la fundi. Tangu siku ya kwanza uliposhika pedi kwenye kibanda cha PlayStation mtaani, gemu zimekufundisha kwamba penye sauti pana kitu. Asiyekwenda kuangalia hapati ufunguo. Basi wewe unatengeneza ofisi ndogo ya mwaka 1998: taipureta, birika la chai, simu ya mezani, kalenda ya benki ukutani. Dakika nne mchezaji anaandika barua ya bosi. Dakika ya tano, kishindo nje. Ataenda dirishani. Hata umwambie asiende, ataenda. Kwa fundi hiyo ni zawadi kubwa, na najua kuna mtu hapa ameshaanza kuichora kichwani.

Halafu? Ataanza upya. Safari hii amejua. Atajificha chini ya meza, atapona, atajiona mjanja. Na yule karani wa kweli aliyekwenda dirishani asubuhi ile utakuwa umemfanya mchezaji aliyebofya vibaya. Familia yake ikiicheza gemu yako itajifunza kwamba ndugu yao alikufa kwa sababu hakuwa mwerevu. Mtu akisikia mshindo anatazama nje. Mimi ningetazama. Pengine mwenzako ametoka kununua mandazi, pengine kuna aliyegongwa na matatu anahitaji msaada. Makosa ya siku ile yalikuwa ya waliochanganya baruti na kupakia lori, na saa yao ilikuwa imeanza kuhesabu muda mrefu kabla ya saa nne na nusu.

Kwa hiyo maoni yangu, na mnaweza kuyapinga wakati wa maswali: uchaguzi wa dirishani uondoeni. Gemu ya 7 Agosti ikome kwenye kishindo cha kwanza. Machaguo yote yawe kabla yake, tena yawe ya Ijumaa ya kawaida. Umkopeshe mwenzako nauli au usimkopeshe. Umalize barua sasa au ukanywe chai kwanza. Umpigie mama kijijini kupitia jirani mwenye simu, au ungoje jioni bei ikishuka. Mchezaji anajua, mhusika hajui, na gemu isimpe mchezaji njia ya kupenyeza habari.

Kijana mmoja aliniuliza hapo nje, kabla hatujaingia: "Mwalimu, kama siwezi kumwokoa mtu, gemu iko wapi?" Swali zuri. Gemu iko kwenye mikono. Ukinipa kitabu, nitasoma kwamba karani alimkopesha mwenzake shilingi 20. Ukinipa gemu, ni mimi niliyetoa, au ni mimi niliyesema sina wakati ninazo. Kubanwa huko kifuani hakuhitaji kumwokoa mtu.

Hiyo ni 1998, ambapo mkosaji alitoka nje akaja na lori. Majanga yetu mengi hayako hivyo.

Jumatatu asubuhi, tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba eneo la viwandani hapa Nairobi, yakaingia kwenye mtaro unaopita mtaa wa Sinai. Watu walikuja na jerikeni na ndoo kuchota. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mkianza saa yenu dakika tano kabla ya moto, mtatengeneza gemu ya watu wenye tamaa. Hamtaikusudia, lakini ndivyo itakavyotoka, kwa sababu katika dakika hizo tano kitendo kinachoonekana ni kuchota tu. Na msiniambie watu wa Sinai hawakujua petroli inaua. Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachang'wan, karibu na Molo, likawaka na kuua zaidi ya watu 100 waliokuwa wakichota. Nchi nzima iliona. Watu walijua, na wakaenda na jerikeni. Ukitaka kueleza kwa nini anayejua anaenda, itakubidi urudishe saa nyuma: kodi ya nyumba mwisho wa mwezi, kibarua kilichoisha, na swali la nani aliyeacha nyumba za mabati zipangwe juu ya ardhi ya bomba la mafuta miaka yote hiyo.

Au mtaa wa Huruma, hapa hapa Nairobi. Ijumaa usiku, tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa, jengo la ghorofa likaanguka na wapangaji ndani. Walikufa watu wapatao 50. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu chini ya vifusi. Jengo hilo lilikuwa tayari limeorodheshwa libomolewe. Orodha ilikuwapo, kodi ikaendelea kulipwa, na mvua ikaja. Tunapenda kusema ajali haina kinga. Basi nionyesheni ajali hapo iko wapi! Dakika za mwisho za jengo lile hazikuanza mvua ilipoanza kunyesha.

Mtasema, "Mwalimu, tulikuja kwa gemu za dakika tano, sasa unatudai miaka." Hapana, gemu ibaki fupi. Badilisheni mtu. Mimi ningempa mchezaji kiti cha karani katika ofisi inayokagua majengo. Ni mchana, na ofisi inafungwa saa kumi na moja jioni. Mezani kuna mafaili, kila faili ni jengo: picha mbili tatu zisizo wazi, ripoti ya mhandisi, malalamiko ya wapangaji kuhusu nyufa. Simu inalia, mwenye jengo angependa muonane mnywe chai. Bosi anapita akiuliza kwa nini unawachokoza watu wakubwa. Ukitia saini notisi ya kuhamisha watu, unajua serikali haina pa kuwapeleka, na familia nzima nzima zitalala nje kwenye mvua hii hii. Ukiirudisha faili kwenye droo, hakuna litakalotokea leo. Mvua inasikika kwenye bati la ofisi, nayo inazidi. Usimwambie mchezaji ni jengo lipi litaanguka. Afunge ofisi, aende nyumbani, gemu iishe hapo.

Hakuna ukuta hata mmoja unaoporomoka kwenye skrini. Gharama ya kuchora ni meza moja. Na saa imeanzia pale ambapo mtu mwenye kalamu bado angeweza kufanya kitu. Kama kuna afisa wa kaunti humu ndani, karibu sana, utatusaidia kuandika maneno ya ripoti ile ili yasikike ya kweli. (Kicheko ukumbini. Ninaona mmoja ameinama kufunga kamba za viatu.)

Kuhusu vifaa sitakaa sana. Twine, programu ya kutengenezea gemu za maandishi ambayo Chris Klimas aliitoa mwaka 2009, ni bure, kazi yake inafunguka kwenye kivinjari, na faili ya maandishi haili bando. Ukitaka chumba cha kutembea, Godot, programu ya kutengenezea gemu zenye picha, nayo ni bure. Lugha andikeni ile wahusika wangeisema: karani wa 1998 na bosi wake hawazungumzi Kiswahili cha mtihani, wala hawazungumzi Sheng ya mwaka huu. Na kama mnagusa msiba wa kweli, msichukue jina wala uso wa mtu yeyote bila idhini ya familia, na msiweke matangazo ya kubeti pembeni ya skrini. Niliona mahali, nisiseme wapi.

Jambo la mwisho ndilo ninalotaka mlishughulikie kwa mikono leo mchana. Nimesema watu wengi walipoteza macho Agosti ile. Wengi wao tuko nao mjini humu. Je, tutatengeneza gemu kuhusu asubuhi yao ambayo wao wenyewe hawawezi kuicheza? Simu za Android zina TalkBack, programu inayosoma maandishi kwa sauti, na gemu ya Twine iliyotengenezwa kwa uangalifu inasomeka nayo. Tatizo linakuja kwenye saa. Anayesikiliza skrini ikisomwa anahitaji muda mrefu kuliko anayetazama. Mpe sekunde 10 na hatakuwa amesikia hata chaguo la pili. Wanaoandika kanuni za kuwawezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti walishaliona hili, ndiyo maana wanataka kikomo cha muda kiweze kuzimwa au kurefushwa.

Lakini ukiuzima muda, gemu ya dakika za mwisho inabaki na nini? Inabaki na saa inayohesabu matendo. Kila unachofanya kinakula dakika zake: barua dakika sita, chai dakika tatu, simu ya nyumbani dakika nne pamoja na kungoja jirani akamwite mama. Usipofanya kitu, saa imesimama, sikiliza utakavyo. Ukifanya, imesonga. Mchezaji anayeona na asiyeona wana dakika sawa, na wote wawili watatumia zile dakika sita kwenye barua ya bosi wakijua kabisa wanazitumia kwenye nini. Naona hata hiyo ni saa bora kuliko ile ya sekunde, maana inamwonyesha mtu bei ya kila kitendo kabla hajakifanya.

Sauti ndizo zibebe chumba. Mkienda kurekodi, nendeni Moi Avenue siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi hivyo hivyo, simu ya kawaida inatosha. Mkirudi, kaeni na mtu mzima aliyefanya kazi katikati ya jiji miaka ile, mmsikilizishe, awaambie nini kitolewe. Milio ya simu za mkononi itatoka karibu yote. Bodaboda zote zitatoka. Makanga watabaki, wahubiri wa barabarani watabaki, na taipureta itabidi mkaiazime, kwa wale waandishi wa barua wanaokaa nje ya ofisi za serikali bado kuna wanaozitumia.

Maikrofoni iko upande wa kushoto. Yule kijana wa swali la gemu iko wapi, anza wewe, naona hukuridhika.